Kilichomo kwenye chakula na kinachofika mwilini

Maswali ya wasomaji kuhusu lishe

Barua za safari hii zinafanana kwa jambo moja: karibu kila aliyeandika ametaja chakula kinachosifiwa mtaani, na anataka kujua kama sifa hizo ni za kweli. Mara nyingi ukweli kidogo upo. Ndani ya chakula mna viambata, yaani kemikali za asili ambazo si wanga, si protini wala si mafuta, lakini zina kazi mwilini: ndizo zinazoipa choya wekundu wake, kitunguu saumu harufu yake na chai ukakasi wake. Kuwamo, hata hivyo, ni jambo moja, na kufika mwilini ni jingine. Moto, mafuta, kisu, muda na dawa unazomeza ndivyo vinavyoamua. Majibu yametolewa na wataalamu wetu wa lishe pamoja na mfamasia.

Choya na damu

*Shikamooni. Nina mimba ya miezi mitano. Kliniki wamenipima damu wakakuta 9.8, wakanipa vidonge vya FEFO, vile vya madini chuma vya kuongeza damu. Wifi yangu anasema vidonge vinafunga choo tu, ninywe juisi ya choya lita moja kwa siku, damu itapanda ndani ya wiki mbili. Nimeamua kufanya vyote, kidonge nakimeza na juisi hiyo hiyo. Ni sawa? – Mama mtarajiwa, Dodoma*

Marahaba. Si sawa, na kosa kubwa ni hilo la kumezea kidonge kwa choya.

Wekundu wa choya unatokana na anthosianini, rangi za jamii ile ile iliyomo kwenye kabichi la zambarau. Wekundu wa damu ni kitu kingine kabisa: unatokana na madini chuma yaliyoshikwa ndani ya himoglobini. Hata kama maua yenyewe yana chuma kidogo, lita ya juisi hutengenezwa kwa gramu chache tu za maua makavu, na kinachotoka humo hakiwezi kukaribia miligramu 60 hivi za chuma zilizomo kwenye kidonge kimoja cha FEFO. Tena choya ina polifenoli, jamii moja na zile za chai, ambazo hukamata chuma tumboni kikatoka na choo bila kufyonzwa. Kwa upande wa chai vipimo vipo: utafiti uliochapishwa mwaka 1999 ulionyesha kwamba chai ya rangi ikinywewa pamoja na mlo wa mkate hupunguza chuma kinachofyonzwa kwa asilimia 79 hadi 94. Ukisubiri saa moja baada ya kula ndipo unywe, hasara hupungua kwa takriban nusu.

Kwa hiyo endelea na FEFO. Meza kwa maji, na kama una chungwa au pera, kula wakati huo huo, maana vitamini C hukibadili chuma kikawa katika hali inayofyonzeka kwa urahisi. Chai, kahawa, choya na maziwa vikae mbali na kidonge kwa saa moja hadi mbili, na kama umepewa pia vidonge vya kalsiamu, viachanishe kwa saa mbili. Kikikuchefua tumbo likiwa tupu, kimeze baada ya kula kidogo. Utapoteza sehemu ya chuma lakini ni afadhali kuliko kuacha. Choo cheusi ni kawaida. Kufunga choo hupungua kwa maji ya kutosha, papai na maharage.

Kwenye sahani, chuma cha nyama, samaki na dagaa hufyonzwa vizuri kuliko cha mboga za majani. Ukila mchicha au maharage, kamulia ndimu ukishaepua. Maini yana chuma kingi, lakini kwa mjamzito yana vitamini A kupita kiasi, kwa hiyo yasiwe chakula cha kila siku. Na ukirudi kliniki uliza kama umepimwa malaria na minyoo, kwa sababu damu inayopungua kwa sababu hizo haipandi kwa chakula peke yake. Himoglobini ya mjamzito haipaswi kushuka chini ya 11, na 9.8 ni ya kufuatiliwa, si ya kujaribia juisi.

Wifi yako hajakosea kwamba choya ina kazi, amekosea kazi yenyewe. Choya hushusha presha kidogo. Katika jaribio lililochapishwa Marekani mwaka 2010, watu 65 wenye presha iliyoanza kupanda, wasiotumia dawa, waligawanywa makundi mawili. Kundi moja lilikunywa vikombe vitatu vya choya kwa siku, kila kikombe cha mililita 240 kikiwa na gramu 1.25 za maua makavu. Baada ya wiki 6 namba ya juu ya presha yao ilikuwa imeshuka kwa wastani wa 7.2, na ya kundi lililokunywa kinywaji cha kuigiza ilishuka kwa 1.3. Hiyo ni choya isiyo na sukari. Ile ya mtaani, nzito na tamu, ni soda ya asili. Anayetaka kuitengeneza vizuri achukue gramu 4 za maua kwa maji ya vikombe vitatu, amwagie maji yaliyochemka, afunike dakika 6 na kuchuja. Atumie sufuria ya stili au birika la udongo, maana asidi ya choya hula alumini. Wewe mwenye mimba isubiri: kwa wingi haijathibitishwa kuwa salama kwa wajawazito.

Kitunguu saumu kizima

*Habari zenu. Mimi humeza punje tatu za kitunguu saumu zikiwa nzima kila asubuhi kwa sababu ya presha. Sitafuni kwa vile harufu hunisumbua kazini. Nyingine nimezitwanga nikazitia kwenye chupa ya mafuta ya zeituni, iko juu ya kabati la jikoni mwezi sasa. Sioni mabadiliko yoyote. – Dereva, Nakuru*

Kwanza ile chupa: imwage leo. Usiionje. Kitunguu saumu hutoka udongoni kikiwa na mbegu za bakteria wa botulizimu, na ndani ya mafuta, mahali pasipo hewa wala asidi, kwenye joto la jikoni, bakteria hao huamka na kutengeneza sumu inayopooza misuli, ile ya kupumulia ikiwemo. Mafuta hayabadiliki rangi wala harufu. Mwaka 1985 huko Vancouver, Kanada, watu 36 waliugua kwa kitunguu saumu cha kwenye mafuta kilichokaa nje ya friji. Ukitaka mafuta ya kitunguu saumu, tengeneza kidogo, weka kwenye friji, na yasizidi siku 4.

Punje nzima hazikusaidii kwa sababu kile unachokitafuta bado hakijazaliwa. Ndani ya punje mna kiambata kiitwacho alini katika chumba kimoja na kimeng'enya, yaani protini inayokigeuza, katika chumba kingine. Kisu au mchi ukivunja kuta, viwili hivyo hukutana na kuzaa alisini, yenye ile harufu kali. Punje isiyovunjwa haina harufu na haina alisini. Ukiimeza nzima, asidi ya tumbo hukiharibu kimeng'enya kabla hakijafanya kazi. Moto nao hukiharibu: punje nzima ikitiwa kwenye maikrowevu kwa dakika moja tu, kazi ya kimeng'enya imekwisha.

Kwa hiyo katakata au twanga, acha juu ya ubao dakika 10, halafu ndipo uweke jikoni. Dakika hizo 10 humpa mpishi alisini iliyokwisha kutengenezwa, na sehemu yake hubaki hata baada ya kupikwa. Nusu ya punje tia mwanzoni kwa ladha, nusu tia ukikaribia kuepua. Anayekula kibichi achanganye kwenye kachumbari au mtindi, kwa sababu alisini tupu huunguza koo na tumbo. Usijibandike ngozini pia, huacha malengelenge.

Kwenye presha, kitunguu saumu husaidia kwa kiasi kidogo. Hakichukui nafasi ya dawa. Kama unatumia wafarini au aspirini, dawa za kuzuia damu kuganda, kila siku, chakula cha kawaida hakina neno, lakini punje nyingi mbichi na vidonge vyake huongeza kuvuja damu. Acha siku 7 kabla ya upasuaji au kung'oa jino. Na wanaotumia dawa za VVU wasinunue vidonge vya kitunguu saumu bila kumwambia mhudumu wao: viliwahi kupimwa pamoja na sakwinaviri, na kiasi cha dawa hiyo kwenye damu kilishuka kwa karibu nusu.

Mtindi unaokataa kuganda

*Nanunua maziwa kwa jirani, nachemsha, natia vijiko viwili vya mtindi wa dukani. Siku nyingine unaganda vizuri, siku nyingine yanabaki maji, na mara mbili yamevutika kama mlenda. Huku kwetu ni baridi. Na je, kweli una bakteria wa kusaidia tumbo au ni maneno ya matangazo? – Mama lishe, Njombe*

Hili lina sehemu nne zinazoweza kuharibika, tuzifuate kwa mpangilio.

Maziwa yenyewe. Ng'ombe aliyetibiwa kwa antibayotiki, hasa dawa ya kiwele inayoingizwa kwenye chuchu, hutoa maziwa yenye dawa kwa siku kadhaa. Dawa hiyo huua bakteria wako wa mtindi kama ilivyokusudiwa kuua wa kiwele, na kuchemsha hakuiondoi. Ukiona umefuata kila kitu na maziwa yamekaa saa 10 bila hata kuchachuka, muulize jirani kama ametibu ng'ombe wiki hii. Ajibu vyovyote, maziwa hayo si ya kugandisha, wala si ya kumpa mtoto.

Kuchemsha. Maziwa yapande hadi kuchemka, kisha moto mdogo dakika 5 hadi 10 huku ukikoroga. Hapa unaua vijidudu vya brusela na kifua kikuu cha ng'ombe, na pia unaifungua protini ya maji ya maziwa ili ishikane na ile nyingine. Bila hatua hiyo mtindi huwa mwepesi na hutoa maji juu.

Kupoza. Hapa ndipo wengi wanapokosea. Bakteria wawili wa mtindi hupenda nyuzi 43 hadi 45. Ukitia mbegu, yaani ule mtindi wa kuanzishia, maziwa yakiwa ya moto sana unawaunguza. Yakipoa mno wanalala, na wageni kutoka hewani huwatangulia. Huo mvutiko wa mlenda mara nyingi ni kazi ya bakteria wengine waliopata nafasi maziwa yakiwa ya uvuguvugu kwa muda mrefu, au waliojificha kwenye chombo. Ukiona mlenda, mbegu hiyo itupe yote, na vyombo vyako vyote, mwiko pia, vimwagie maji yanayochemka. Kama huna kipimajoto, tia kidole kisafi: uweze kuhesabu hadi kumi bila kukitoa, lakini uhisi joto bado.

Mbegu na muda. Lita moja, vijiko viwili vya chakula. Usizidishe ukidhani utaganda haraka. Huwa chachu na chenga chenga. Koroga mbegu kwanza na maziwa kidogo ndani ya kikombe, kisha rudisha sufuriani. Kwa baridi ya Njombe, mimina kwenye hotpoti iliyosuuzwa kwa maji ya moto, funga, funika kwa blanketi, usitikise kwa saa 6 hadi 8. Ikiganda, ipeleke kwenye ubaridi mara moja, la sivyo itaendelea kuchachuka. Mbegu ya kesho itoe kabla ya kutia sukari, na baada ya kurithisha mara nne au tano nunua mpya, kwa sababu uwiano wa wale bakteria wawili huharibika.

Sasa matangazo. Kanuni za kimataifa za vyakula zinataka mtindi uwe na angalau bakteria milioni 10 kwa kila gramu. Faida yao iliyothibitika zaidi ni moja: humsaidia mtu ambaye maziwa mabichi humjaza gesi na kumharisha, kwa kuwa humeng'enya sukari ya maziwa kwa niaba yake. Faida nyingine hutegemea aina mahususi ya bakteria, siyo mtindi wowote. Kule Mwanza vikundi vya akina mama vimekuwa vikitengeneza mtindi wenye Lactobacillus rhamnosus GR-1, aina iliyochaguliwa makusudi na kufanyiwa utafiti. Ukiona pakiti inataja jina la bakteria hadi herufi na namba za mwisho, hapo kuna kitu cha kuulizia. Ikiandika tu "bakteria rafiki", umenunua mtindi, nao ni chakula kizuri. Ikiandika kwamba imepashwa joto baada ya kugandishwa, bakteria hao wamekufa na haitakufaa hata kwa mbegu.

Wali wa kiporo na kisukari

*Baba yangu ana kisukari. Ameambiwa wali ukilala unapoteza sukari, basi sasa anakula kiporo asubuhi na mchana, sahani imejaa. – Binti yake, Temeke*

Wali haupotezi sukari. Kinachotokea ni kwamba wanga uliolainika kwa moto hujipanga upya ukipoa, na sehemu yake hugeuka kuwa wanga sugu, usiomeng'enywa kwenye utumbo mwembamba. Huo hufika utumbo mpana na kuliwa na bakteria kama nyuzi lishe. Hadi hapo habari ni njema.

Tazama vipimo lakini. Utafiti mmoja wa mwaka 2015 ulikuta wali mweupe wa moto una gramu 0.64 za wanga sugu kwa kila gramu 100. Uliopozwa kwenye friji saa 24 kisha ukapashwa ulikuwa na gramu 1.65. Ni ongezeko la gramu moja, ndani ya chakula chenye wanga wa gramu 28 hivi. Sukari ya damu baada ya kula ilipanda kidogo zaidi kwa wali wa kwanza, na tofauti ilikuwa ya kweli, ila watu waliopimwa walikuwa na afya njema na walikula kiasi kilichopimwa. Sahani ya baba ikiongezeka kwa theluthi kwa sababu "huu hauna sukari", faida imeliwa na hasara imebaki.

Kubwa zaidi ni usalama. Mchele huja na mbegu za Bacillus cereus ambazo kuchemsha hakuziui. Wali ukiachwa kwenye sufuria usiku kucha kwenye joto la Dar es Salaam, bakteria huota na kuacha sumu ya kutapisha, na sumu hiyo haiondoki kwa kupasha. Utamsikia mtu akisema tumbo limevurugika kwa "gesi". Kiporo kinachofaa ni kile kilichotandazwa kwenye bakuli pana ili kipoe haraka, kikaingia kwenye friji kabla ya saa mbili kupita, kikaliwa ndani ya siku moja, kikipashwa hadi mvuke utoke katikati. Nyumba isiyo na friji isahau habari hii.

Baba atafaidika zaidi kwa kupunguza wali hadi robo ya sahani, nusu ikawa mboga, na robo maharage au choroko. Maharage yana wanga sugu mwingi kuliko kiporo chochote. Yalowekwe usiku, maji yamwagwe, na yachemke kwa nguvu, siyo kwa moto wa kufukiza, maana maharage mekundu yasiyoiva yana lektini inayotapisha. Dawa zake asipunguze mwenyewe.

Vidonge kutoka Maskati

*Assalaam alaykum. Mimi ni mzee wa miaka 63, Mombasa. Kijana wangu yuko Maskati kikazi, aniletea vidonge vya beta-karotini, asema ni kinga ya saratani. Sigara sijaweza kuiacha. Nivitumie? – Mzee wa Likoni*

Wa alaykum salaam, mzee wetu. Usivitumie. Hapa hatusiti.

Dhana ilikuwa nzuri: watu wanaokula mboga na matunda mengi ya rangi ya machungwa huugua saratani ya mapafu kwa uchache. Wanasayansi wakatoa beta-karotini ikawa kidonge, wakaijaribu kwa wavutaji wenyewe. Nchini Finland wanaume 29,133 wavuta sigara wa umri kama wako walifuatiliwa miaka 5 hadi 8. Waliopewa miligramu 20 kwa siku walipata saratani ya mapafu kwa asilimia 18 zaidi ya wasiopewa. Hiyo ni ya mwaka 1994. Jaribio la pili, la Marekani, lilitumia miligramu 30 pamoja na vitamini A, likasimamishwa Januari 1996 kabla ya muda wake kwa sababu ongezeko lilifika asilimia 28. Inaelekea kwamba kwenye pafu lililojaa moshi, kiwango kikubwa cha beta-karotini huungua na kuwa kitu cha madhara. Kijana wako amefanya kwa mapenzi. Mwambie alete nauli ya kwenda kliniki ya kuachia sigara.

Ile ile beta-karotini ikiwa ndani ya kiazi haijaonyesha balaa hilo. Kiazi kitamu cha rangi ya machungwa, tunachokiita kiazi lishe, ndicho kilichowapa wanasayansi Maria Andrade, Robert Mwanga na Jan Low Tuzo ya Chakula Duniani mwaka 2016, pamoja na Howarth Bouis. Gramu 125 za aina nyingi za viazi hivyo, yaani kiazi kimoja cha wastani, zinatosha vitamini A ya siku ya mtoto mdogo. Kitu cha kukumbuka ni mafuta. Beta-karotini haiyeyuki kwenye maji, na bila gramu 3 hadi 5 za mafuta kwenye mlo, kama kijiko kimoja cha chai, sehemu kubwa hupita tu. Tui la nazi linafaa kabisa, kwa hiyo viazi vya nazi vya Mombasa ni pishi sahihi. Chemsha na maganda, sufuria ikiwa imefunikwa. Michembe, yaani vipande vya viazi vya kukausha, ikaushwe kivulini, kwa sababu jua kali huivunja karotini, na isikae miezi mingi.

Kwa wasomaji wa Kigoma na Burundi: mawese mekundu yamejaa karotini hiyo hiyo, na yule anayeyaunguza hadi yawe meupe kabla ya kukaanga anaifuta yote.

Mdalasini na manjano

*Nakunywa kijiko cha chai cha mdalasini na kijiko cha manjano kwenye maji ya moto, asubuhi na jioni, kupunguza sukari na maumivu ya goti. Kuna madhara? – Dada, Arusha*

Inategemea mdalasini gani. Sokoni kuna aina mbili. Ule wa kweli, kama unaolimwa Zanzibar, gome lake ni jembamba kama karatasi, limejikunja matabaka mengi ndani kwa ndani, na unaweza kulivunja kwa vidole. Kasia ni gome nene, gumu, limejikunja mara moja tu, rangi nyekundu zaidi, na ladha inachoma. Kasia ina kumarini nyingi, ambayo kwa baadhi ya watu huumiza ini. Mamlaka ya Ujerumani ya tathmini ya hatari za vyakula inamwekea mtu wa kilo 60 kikomo cha gramu 2 za kasia kwa siku, kwa mtu anayeitumia kila siku. Vijiko vyako viwili vinaelekea gramu 5. Uliosagwa huwezi kuutambua, kwa hiyo nunua magome, saga mwenyewe. Kuhusu sukari, matokeo ya tafiti hayakubaliani. Usiache metformini, dawa ya kisukari, kwa sababu yake.

Manjano ni suala la kiasi. Kurkumini, kiambata chake chenye kazi, ni kama asilimia 3 tu ya unga, basi kijiko chako cha gramu 3 kina miligramu 90, na majaribio mengi ya magoti yalitumia miligramu 500 na kuendelea. Tena kwenye maji matupu haifyonzwi. Itie kwenye chakula chenye mafuta, pamoja na pilipili manga iliyosagwa hapo hapo. Utafiti wa India wa mwaka 1998 uliona kiasi kinachofika kwenye damu kikiongezeka mara 20 pilipili manga ilipokuwapo, ingawa ilikuwa kurkumini safi, gramu 2 kwa mkupuo. Usichukulie hilo kama ruhusa ya kununua vidonge vyenye vyote viwili: vidonge vya namna hiyo ndivyo vinavyohusishwa na visa vya kuumia ini. Mwenye mawe kwenye nyongo aiache kabisa.

Jambo la mwisho, nalo ni zito. Huko Bangladesh watafiti walikuta mwaka 2019 manjano yakipakwa kromati ya risasi, rangi ya njano yenye madini ya risasi, ili yang'ae. Risasi huharibu ubongo wa mtoto, na kwa jicho huioni. Nunua vidole vizima vyenye udongo na makunyanzi, vioshe, vikaushe na kuvisaga. Kidole cha njano inayomeremeta kwa nje na kuacha rangi mkononi, kirudishe.

Kwa ufupi

*Mlonge una vitamini C mara saba ya chungwa?* Majani mabichi, gramu 100 kwa gramu 100, yanaweza kulizidi chungwa kwa mbali. Unga uliokauka umepoteza sehemu kubwa ya vitamini hiyo, na kijiko kimoja ni gramu chache tu. Upike kama mboga. Mizizi usiitumie: ina sumu, na kwa mjamzito ni hatari.

*Nimezuiwa balungi kwa sababu ya dawa ya presha. Je, machungwa?* Machungwa matamu kula. Balungi lina furanokumarini, zinazoharibu kimeng'enya cha utumbo kinachopunguza dawa kabla haijaingia kwenye damu, na dawa ikazidi kipimo. Jambo hili liligunduliwa kwa bahati mwaka 1989 mjini London, Kanada, na David Bailey na wenzake, waliokuwa wanatumia juisi ya balungi kuficha ladha ya pombe kwenye jaribio la felodipini, dawa ya presha. Nifedipini nayo huathirika, vivyo hivyo simvastatini na atovastatini za lehemu. Enalaprili na haidroklorothiazidi hazina shida hiyo. Glasi moja inatosha, na athari yake hudumu siku moja hadi tatu, kwa hiyo kumeza dawa asubuhi na kunywa juisi jioni hakusaidii. Danzi, lile chungwa chungu la Unguja na Pemba linalotiwa kwenye achari, lina viambata hivyo hivyo. Nalo likae mbali na dawa hizo.